Muuguzi Akiwa Peke Yake Nyumbani kwa Mgonjwa: Afundishweje?

Hebu fikiria wewe ni muuguzi. Umefika kwa mgonjwa wa saratani, kijiji kimoja nje ya Kampala. Analia maumivu. Kwenye begi una chupa ya mofini ya maji. Daktari hayupo karibu, na familia nzima inakutazama wewe. Unafanyaje?

Uganda ilijiuliza swali hili mapema. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, huwatembelea wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, waandike wenyewe mofini ya kunywa. Lakini kwanza wasome kozi ya miezi 9.

Kwa nini muda wote huo? Tuchukue mfano. Chupa moja ina miligramu 5 katika mililita 5. Nyingine ina miligramu 50 katika mililita 5 zilezile. Ukikosea chupa, mgonjwa anapata dozi mara kumi! Kosa hilo linaweza kumzuia kupumua.

Sasa, masomo ya muuguzi kama huyu yanatengenezwaje?

Kwanza, anza na kazi yenyewe. Orodhesha kila uamuzi anaoufanya tangu anapobisha hodi mpaka anapoaga. Anapima maumivu kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Anapanga dozi kila baada ya saa 4. Anaandika na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mofini hufunga choo. Kila uamuzi ugeuze kisa kifupi cha kufanyia mazoezi, akosee darasani badala ya kukosea kitandani kwa mtu.

Pili, rudia. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunasahau haraka sana saa za mwanzo baada ya kujifunza. Semina ya siku moja, hata ikiwa na chai na vitafunio, haitoshi. Maswali machache kwenye simu kila wiki yatamsaidia zaidi.

Tatu, mfundishe kufundisha. Yeye ataondoka, anayebaki na chupa ni mke, binti au jirani. Akiuliza "Mmeelewa?", wote wataitikia "Ndiyo." Bora aseme, "Dada, hebu nionyeshe utakavyopima dozi ya saa nne usiku." Hapo ndipo kosa huonekana, na bado kuna muda wa kulirekebisha.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kuna mgonjwa, usione haya. Muuguzi akija, muulize: kiasi gani, saa ngapi, na mambo yakiharibika usiku nimpigie nani? Aliyefundishwa vizuri atafurahi umeuliza.