Boti ya Mbita yenye amplifaya ndogo

Kwenye gati la Mbita, Ziwa Victoria, boti mbili za abiria zilikuwa zimefungwa ubavu kwa ubavu zikingoja watu wa kisiwa cha Mfangano, na zote mbili zilikuwa zinapiga muziki. Ya kwanza ilikuwa na amplifaya ya rangi ya fedha chini ya ubao wa kukalia, imeandikwa wati 4000 kwa tarakimu ambazo hata aliyesahau miwani nyumbani angezisoma. Ya pili ilikuwa na kijisanduku cheusi cha ukubwa wa Biblia. Pale gatini ile ya wati 4000 ilimmeza mwenzake. Mbavu zetu zilitikisika tukiwa tumesimama nchi kavu. Kisha zikaondoka zikifuatana. Zilipofika mbali kidogo na ufuo, ile kubwa ikawa mngurumo usio na wimbo, na baada ya muda mfupi hata mngurumo ukamezwa na injini. Ile ya kijisanduku tuliendelea kuisikia, gitaa na maneno yake, mpaka ikawa doa.

Mwenye akili zake angeachana na habari hiyo. Mimi niliuliza ni nani aliyekifunga kile kijisanduku, nikaelekezwa kwenye kibanda cha mabati ambacho ukuta wake wa ndani umeangikwa amplifaya zilizokufa.

Fundi mwenyewe ana umri wa miaka arobaini na ushei. Aliomba nisimtaje jina, kwa sababu wateja wake ni mahasimu wao kwa wao na kila mmoja anaamini kwamba yeye ndiye aliyefungiwa muziki mzuri kuliko wote. Kazi alijifunzia Migori mjini, kwenye matatu za barabara ya Isebania, na jambo la kwanza anapenda mgeni alijue ni kwamba ilimbidi asahau karibu yote aliyofundishwa huko. Matatu ni chumba kilichofungwa. Besi inapopigwa ndani yake inagonga bati na vioo, inarudi, inajikusanya. Matatu pia ina altaneta inayojaza betri muda wote injini inapounguruma. Boti haina paa la bati, haina kuta, na injini nyingi za kuvuta kwa kamba zinazosukuma boti za hapa hazichaji betri hata kidogo.

“Mtu anatoka Kisumu amesikia muziki wa matatu, anataka ule ule ndani ya maji,” alisema. “Omera, maji hayana dirisha.”

Nilimwuliza kuhusu zile wati 4000. Hakunijibu. Aliinuka, akashusha amplifaya mojawapo ukutani, ya fedha vilevile, yenye nambari kubwa zaidi ya ile niliyoiona, akaigeuza nyuma na kuniwekea kidole kwenye vipande viwili vidogo vya plastiki, kila kimoja kimechapwa 30. Hizo ni fyuzi. Akanikabidhi kalamu na kipande cha katoni nifanye hesabu mwenyewe. Fyuzi mbili za ampea 30 ni ampea 60. Betri ya boti ni ya volti 12 na kitu. Zidisha: umeme unaoweza kuingia ndani ya kifaa hiki bila fyuzi kukatika hauzidi wati 750 hivi, na sehemu yake inageuka joto kabla haijawa sauti. Ili kutoa wati 4000 kingehitaji zaidi ya ampea 300, na waya wa kubeba ampea hizo hakuna anayeuvuta ndani ya boti ya mbao.

Nilirudia hesabu hiyo mara kadhaa kwenye matatu nikirudi Homa Bay, na kila mara nilicheka peke yangu. Ukweli wa kifaa umechapwa nyuma yake, kwa tarakimu ndogo, mahali ambapo muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, hawezi kuufuta. Kama kwenye karatasi kuna wati zilizoandikwa RMS, fundi anazisoma hizo. Ni nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Zile zilizochapwa usoni ni za nukta moja ya sekunde, zikipatikana.

Kwa hiyo anayekuja kutafuta muziki wa boti haulizwi anataka amplifaya gani. Anaulizwa spika gani, na kabla ya hapo anaulizwa betri gani. Kwenye spika ndiko iliko siri ya kijisanduku cheusi, na wala si siri: kila spika ya maana huja na karatasi inayoeleza inatoa desibeli ngapi ikipewa wati moja na kusikilizwa umbali wa mita moja. Zile za mayai, inchi 6 kwa 9, alizokuwa nazo mezani zilikuwa za desibeli 88. Zile alizoziweka kwenye boti ya pili, spika za kati zenye tarumbeta kifuani, ni za desibeli 97. Tofauti ya tisa inaonekana ndogo. Lakini kila desibeli tatu ni sawa na kuongeza nguvu maradufu: tatu za kwanza, maradufu; tatu tena, maradufu ya maradufu; na tatu nyingine, maradufu tena. Ni mara nane. Wati 50 kwenye spika ya desibeli 97 zinapiga kama wati 400 kwenye ile ya 88. Zaidi ya hayo, tarumbeta inaielekeza sauti mbele badala ya kuitawanyia ndege wa ziwani. Na sikio la binadamu, anavyoeleza fundi, lina uvivu wake: besi ikishakuwa hafifu huacha kuisikia mapema, huku likiendelea kushika gitaa na sauti ya mwimbaji.

Muziki wenyewe unamsaidia. Benga ni muziki wa gitaa linalokimbia juu, na ziwa hili lina haki ya kuudai kuwa wake: mwanabenga D.O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, alitokea Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka ukiwa Muhuru Bay kwenye kaunti ya Migori. Mteja wa benga hahitaji wufa kubwa. Mteja wa ohangla anataka ngoma imgonge kifuani, na huyo fundi hambishii. Anamwekea wufa moja, ya inchi 10, ndani ya sanduku lililofungwa vizuri. Wufa mbili anazikataa. Sababu anaitoa kwa omu: wufa mbili za omu nne zikiunganishwa pamoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaziona kama omu mbili, inasukuma umeme mwingi kuliko ilivyotengenezewa, inapata moto, na ile taa nyekundu ya kujikinga inawaka katikati ya safari. Abiria wanadhani redio imeharibika. Haijaharibika, imegoma.

Sasa betri. Ya saa za ampea 100, kama ni ya maji ya asidi, haifai kunyonywa zaidi ya nusu ukitaka idumu. Hiyo ni saa 50 za ampea. Muziki unaovuta ampea 10 kwa wastani unaimba kwa saa tano. Paneli ya sola ya wati 100 juu ya turubai inarudisha ampea tano au sita jua likiwa la utosi, na asubuhi ya mawingu karibu sifuri. Nahodha akishaelewa hesabu hiyo, anasema fundi, huwa anapunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa.

Na waya. Hapa alikasirika, kwa namna ya watu wapole wanavyokasirika, akipanga vipande vya waya mezani vilivyokatwa kwenye boti za watu. Betri ikikaa shetrini na amplifaya ikakaa mbele mita sita, umeme unasafiri mita kumi na mbili kwenda na kurudi. Ukitumia waya mwembamba wa milimita nne za mraba na kuvuta ampea 40, volti mbili nzima zinapotelea njiani. Betri inasoma 12.5, amplifaya inapata 10 na ushei, inazimika kila ngoma inapopigwa. Mwenye boti anarudi dukani kununua amplifaya kubwa zaidi. Waya wa milimita 25 za mraba ungepoteza theluthi moja ya volti, basi.

Kitu kilichonifanya nikae pale mpaka jua likapungua, hata hivyo, kilikuwa kandambili. Chini ya meza kuna gunia zima la kandambili kuukuu, za kulia na za kushoto, zilizookotwa ufuoni. Fundi alichagua moja ya bluu, akaikata kwa wembe kufuata duara aliyoichora kwa kikombe, akapata pete nne nene na vipande vingine vya mraba. Pete inakaa kati ya spika na sanduku, ili maji ya mawimbi yasipenyeze na spika isigongane na mbao. Vipande vya mraba vinakaa chini ya sanduku, kwenye kila kona, sanduku lisiguse taruma za boti. Kisha akatoboa tundu dogo kwenye kona ya chini ya sanduku la spika za mbele na kulizibia kizibo alichochonga kutoka kisigino cha kandambili ileile. Maji yataingia tu, upende usipende. Kizibo ni cha kuyatoa jioni. Alikisukuma kwa kidole gumba, akakichomoa, akakichonga tena unywele mmoja, akakirudisha. Mpira wa dukani anao. Anasema unakauka na kupasuka kwa jua, ilhali kandambili imeshaota jua miaka miwili mguuni mwa mtu na imebaki laini.

Kuhusu taruma nilitaka kujua zaidi, kwa kuwa hapo nilihisi woga. Boti hizi ni mbao zilizopigiwa misumari na kukalafatiwa kwa nyuzi za pamba. Je, besi inayotikisa sanduku kwa saa tano kila siku inazilegeza zile nyuzi? Fundi anaamini inazilegeza, ndiyo maana ya vipande vya mraba. Mjenzi wa boti niliyemkuta akikwangua mkuku hatua chache kutoka hapo aliguna: boti inavuja kwa sababu ya mawimbi na ya mwenyewe asiyeikarabati, muziki unasingiziwa. Wote wawili ni watu wa kuheshimika. Boti zenye muziki ndizo pia zinazofanya safari nyingi, kwa hiyo kuvuja kwake hakuniambii nani kati yao ana haki.

Ziwa hili halina chumvi, na hilo ni nafuu kubwa. Fundi wa Lamu angemwonea wivu. Maadui wa hapa ni jua, unyevu na sam, wale wadudu wadogo wanaoinuka kutoka majini kama moshi. Amplifaya yenye feni inawavuta ndani. Moja aliifungua mbele yangu, akaipigapiga, ukadondoka ungaunga mweusi uliojaa kiganja. Ndiyo maana anapendelea amplifaya zisizo na feni, zile za kisasa za daraja la D ambazo hazipati moto sana na hazili betri ovyo. Spika za koni ya karatasi zinapiga kwa nguvu zaidi lakini unyevu unazilainisha. Za koni ya plastiki na ukingo wa mpira zinadumu. Mteja anachagua. Wapo wanaopaka vanishi kwenye karatasi ili izuie maji. Fundi alifumba macho aliposimulia hilo: koni inakuwa nzito, spika inakuwa bubu.

Jambo moja halimpi mteja nafasi ya kuchagua, nalo ni fyuzi ya kwenye betri. Ndani ya boti hiyohiyo kuna madumu ya petroli. Waya mnene ukichubuka kwenye msumari na kugusa kitu cha kurudisha umeme kwenye betri, unakuwa mwekundu kabla mtu hajainuka. Waandishi wa kanuni za boti Marekani, American Boat and Yacht Council, wanataka fyuzi ikae ndani ya inchi saba za betri, wakiruhusu umbali zaidi pale waya ulipokingwa vyema. Fundi hakuwahi kuwasikia. Yeye anaiweka umbali wa shubiri moja, ambayo si mbali na hapo.

Kuhusu sauti yenyewe hana majibu mepesi. Kenya ilitunga kanuni za kelele mwaka 2009, lakini usiku hewa baridi iliyolala juu ya maji inaikunja sauti kurudi chini, hivyo wimbo wa boti moja unaingia nyumba za ufuo wa mbali ambako watu wamelala. Wavuvi wa omena wana malalamiko yao pia: wapo wanaosema samaki wanakimbia, wengine wanasema samaki wanafuata taa tu. Nililotaka kumuuliza mimi ni kama nahodha aliyekaa shetrini, injini sikioni na tarumbeta mbele, anaweza kumsikia aliyeanguka majini. Alinyamaza kidogo. Huwa anajitolea kufunga kitufe cha kuzima muziki karibu na mkono wa nahodha, bila malipo ya ziada. Si wengi wanaokitaka, kwa kuwa kila mpita njia hukibonyeza.

Tulikuwa tukizungumza hayo alipoingia mwenye boti, mzee aliyetoka Sori. Alitaka afungiwe wufa mbili alizokuja nazo, waya ule mwembamba uliokuwa kwenye bei yake, na fyuzi ingefuata mwezi ujao.

“Jaduong', bila fyuzi sifungi,” alisema fundi.

“Hata nikilipa yote leo?”

“Ukilipa yote leo, lipia na fyuzi.”

Mzee alicheka, akamshika bega, akamwambia kwamba Sori pia kuna mafundi. Akaondoka na wufa zake mbili begani mwa kijana wake. Wateja wa namna hiyo, aliniambia fundi, hupata wa kuwafungia siku hiyohiyo.