Mtoto na Thamani ya Vitu

Ukimwekea mtoto wa miaka minne hapa Kagondo, Buhaya, sarafu tano za shilingi 50 upande mmoja, na upande wa pili sarafu moja ya shilingi 500, ile yenye sura ya Sheikh Abeid Amani Karume na nyati, aghalabu atazikumbatia zile tano, na watu wazima walio karibu watacheka wakidhani kwamba amepumbazika. Kicheko hicho hakina insafu. Mtoto amekadiri kwa kipimo alicho nacho, nacho ni wingi unaoonekana kwa jicho, kama alivyodhihirisha Jean Piaget, mwanachuoni wa Uswisi, katika kitabu alichokitoa pamoja na Alina Szeminska mwaka 1941: mtoto ambaye hajatimiza miaka sita au saba, vitu vilevile vikitandazwa mbele yake kwa safu ndefu zaidi, husema vimeongezeka. Ama thamani ya sarafu haimo katika umbo lake. Ni mapatano ya watu, na mapatano hugeuka, kwani wazee wa Buhaya walilipana kwa simbi kabla ya rupia ya Mdachi kuingia, na leo simbi hizo hazinunui hata chane moja ya ndizi katika soko la Bukoba.

Lakini wingi si kipimo chake pekee. Mtazame mvulana atengenezaye mpira kibanjani: huokota majani makavu ya mgomba, akayakunja na kuyabana mpaka yakashikana, kisha huchana nyuzi za gome la mgomba huohuo, akazilowesha kidogo zisikatike, akazizungusha huku na huku, kila uzi ukipita juu ya mwenziwe, hata fundo la mwisho likazama ndani na mpira ukaweza kuhimili teke. Baba yake akimletea mpira wa plastiki kutoka dukani ataupokea kwa furaha, lakini mtu akiutia ule wa mgomba jikoni, kilio chake kitakuwa cha uchungu wa kweli. Ameutolea jasho, na jasho kwa mtoto ni hoja ya milki. Katika utafiti wa Patricia Kanngiesser na wenzake uliochapishwa mwaka 2010, watoto wa chekechea walimpa milki mtu aliyeufinyanga udongo wa mwenziwe ukawa kitu kipya, tena kwa wingi kuliko watu wazima walivyoamua.

Kisha kuna historia ya kitu. Wanasaikolojia Bruce Hood na Paul Bloom waliwaonyesha watoto sanduku walilowaambia kwamba hutoa nakala kamili ya chochote kitiwacho ndani, wakatangaza matokeo mwaka 2008: watoto wengi wenye blanketi au mwanasesere waliyezoea kulala naye hawakuitaka nakala, na baadhi yao walikataa hata kukiingiza kipenzi chao sandukuni. Mtu wa Buhaya hana haja ya kustaajabu, kwani buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni hukaribishwa nazo atafune, hazihesabiwi sawa na zile zipimwazo kwa kilo, ijapokuwa zimechumwa mti mmoja. Na zamani buni mbili za tunda moja zilitumika kufunga udugu wa damu baina ya watu wawili.

Soko nalo lina mafunzo yake. Mtafiti Coren Apicella na wenzake waliwapa Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi biskuti au viberiti vya gesi, wakawaruhusu kubadilisha walichopewa, na taarifa yao ya mwaka 2014 ikaonyesha kwamba walioishi mbali na biashara walibadilisha takribani nusu ya mara, hali waliozoea biashara na watalii walibadilisha kama robo tu, wakikishikilia kilichokwisha kuwa chao. Hao walikuwa watu wazima, wala si haki kuwabebesha watoto hukumu yao. Hata hivyo nashawishika kwamba mengi tunayoyadhani kuwa maumbile ya mtoto ameyapata kwetu, dukani na magengeni.

Basi Novemba ikifika, mwana akadamka kukamata senene, akawanyonyoa mbawa na miguu, kisha akakataa kumwuzia mpita njia kwa bei ya kikombe iliyozoeleka, mzazi asimkaripie kwamba hajui biashara. Amwulize amekadirije, amsikilize mpaka mwisho, ndipo amweleze habari ya bei.