Soko Linakua, Udongo ni wa Nani?

Ndugu walimaji wa Nyakabere na wa bonde lote la Ruzizi,

Mwezi wa 7 mwaka 2022, mambo mawili yalifanyika katika nchi yetu. Tarehe 11, Kongo iliingia kikamilifu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku nne nyuma yake, tarehe 15, ilitiwa sahihi sheria namba 22/030 ya kulinda haki za ndugu zetu Batwa. La kwanza lilisemwa sana, la pili kidogo tu. Lakini yote mawili yanakutana shambani kwetu.

Tuanze na soko. Ukivuka Kavimvira, uko Gatumba, na Bujumbura si mbali. Kwa kanuni za Jumuiya, mazao yaliyolimwa katika nchi mwanachama hayalipi ushuru wa duane yakiwa na cheti cha asili. Kwa mzigo usiopita dola 2,000 kuna cheti chepesi. Kabla ya kupakia, kamati iulize duane namna ya kukipata. Mwenye gunia moja la mahindi atahangaika peke yake. Koperativi yenye magunia mia itasikilizwa.

Lakini soko likikua, bei ya udongo nayo inapanda. Tangu sheria ya 1973, udongo ni mali ya Serikali. Anayelima kwa desturi tu, bila karatasi, anaweza siku moja kukuta shamba limeandikwa kwa jina la mwingine. Wazee wanakumbuka kiwanda cha sukari cha Kiliba: kilileta kazi na mshahara, lakini vita ya 1996 ikakisimamisha. Mshahara ukiisha, shamba ndilo linalolisha watoto.

Batwa wengi hata hilo shamba hawana. Wanalima ya wengine kwa kibarua. Sheria ya 2022 inatambua haki yao juu ya udongo wanaoutumia. Tusiwaache nyuma.

Basi, katika mkutano ujao, tufanye haya:

- Kila mwanachama apime shamba lake mbele ya majirani na chifu, waandike mipaka na kutia sahihi.
- Kamati ipeleke maandishi hayo pamoja kwenye ofisi ya kadasta, isimwachie kila mtu gharama yake.
- Jina la mama liandikwe pamoja na la baba.
- Jamaa za Batwa zialikwe kama wanachama wenye sauti, si vibarua tu.

Mnunuzi wa udongo akija na mafranga mkononi, asimkute mtu peke yake. Atukute pamoja.