Ndizi Mbivu na Lugha ya Mama
Inashangaza kwamba Kisii na Nyamira, ambako mikungu ya ndizi haikosekani sokoni, mzazi humtuma mtoto dukani akanunue peremende. Ndizi 2 mbivu zatosha. Mtoto na azimenye, aziponde kwa mikono yake. Mzazi atie njugu karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini (njugu nzima humpalia mtoto mdogo), kisha wafinyange matonge. Havihitajiki sukari wala moto.

Nami, kwa kuwa ni mwanaisimu, nasikiliza zaidi ya kuonja. Ndizi ikiwa moja, mtoto huambiwa ritoke, zikizidi, amatoke. Hivyo ndivyo ngeli za Ekegusii zinavyomwingia, mikono ikinata utamu. Watoto wa mjini wazitajao peremende zote kwa majina, ritoke wameisikia wapi?