Moshi wa Reli Una Mwenyewe

Mpiganaji au polisi aliyewahi kusindikiza shehena kwa reli kutoka Malaba hadi Kampala aujua vyema moshi wa injini ya dizeli, hasa treni ipandapo mlima. Moshi huo una mwenyewe, naye ni mwenye reli.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, njia hiyo iliangukia mikononi mwa Shirika la Reli la Uganda. Mwaka 2006 ikakodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25. Hata nusu ya muda huo haikufika. Kufikia mwaka 2018 Shirika lilikuwa limekwisha kuirudia mali yake, na injini zingali za dizeli.

Nguzo na nyaya za umeme hudai fedha nyingi siku ya kwanza, na faida yake huja polepole kwa miongo mingi. Mpangaji haezeki upya nyumba isiyo yake. Serikali, aliye mwenye nyumba, ilitia sahihi Oktoba 2024 mkataba wa reli mpya ya umeme ya kilomita 272, kutoka Malaba hadi Kampala.

Umeme wetu mwingi watoka katika maji ya Nile. Kituo cha Karuma pekee kina uwezo wa megawati 600. Injini ivutwayo kwa nguvu hiyo haitemi njiani hewa ya ukaa, ile iongezayo joto duniani.

Lakini tusijidanganye. Shirika la umma nalo laweza kuziacha injini zikaliwa na kutu, na nyaya za shaba huwavutia wezi. Zamu ya usiku kando ya nyaya hizo, ndugu askari, yaweza kuwa yako.