Kenya: Fedha za tabianchi zinavyoshuka hadi wadini, na zinapokwamia

Nchini Kenya, fedha za umma zinazotengwa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi haziishii zote katika wizara za Nairobi. Sehemu yake hushuka hadi kaunti 47, na kutoka huko hadi wadini, yaani katika kata, ambako kamati za wananchi hupaswa kuamua iwapo fedha zilizopo zitachimba lambo, zitajenga uzio wa kuikinga chemchemi au zitapanda miti. Utaratibu huo ulianza katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa nchi, na sababu za kubuniwa kwake zimo katika historia ya maji na malisho ya huko.

Katika Kaunti ya Isiolo, wafugaji wa Kiborana wana baraza la kimila liitwalo dedha, ambalo hugawa ardhi ya malisho kwa majira. Yako malisho ya wakati wa mvua, yako ya kiangazi, na yako ya akiba, ambayo hayaguswi mpaka ukame utakapokuwa mkali. Ufunguo wa mpango wote huo ni maji, kwani mifugo hukaa palipo na maji. Kisima kirefu kikichimbwa kwa nia njema katikati ya malisho ya akiba, makundi ya ng'ombe na ngamia hubaki hapo mwaka mzima. Nyasi huliwa hadi mizizi, udongo hubaki mtupu, na mvua ya kwanza ya kishindo huusomba. Ukame unapofika, akiba haipo. Kwa miaka mingi serikali na wafadhili walihesabu idadi ya visima kama kipimo cha mafanikio, na katika hesabu hiyo malisho yaliyokufa kando ya kisima hayakuwa na safu yake.

Ndiyo maana, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mfuko wa majaribio ulianzishwa Isiolo kwa ushirikiano na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, kisha ukapanuliwa hadi Garissa, Wajir, Kitui na Makueni. Kanuni yake ilikuwa rahisi: asilimia 70 ya fedha za miradi iamuliwe na kamati za wadi, asilimia 20 iende kwa miradi ya kaunti nzima, na asilimia 10 igharamie uendeshaji. Katika wadi za wafugaji, maombi mengi hayakuwa ya vitu vipya. Watu waliomba malambo ya zamani yazungushiwe uzio, mahali pa kunyweshea mifugo patengwe na pale wanapoteka maji ya nyumbani, na mabaraza ya malisho yapewe uwezo wa kusimamia sheria zao.

Kitui na Makueni ni nchi ya wakulima, na huko mabwawa ya mchanga yanafahamika sana. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha kati ya chembe zake, mbali na jua, hata miezi mingi baada ya mto kukauka. Lakini mchanga huohuo una soko kwa wajenzi wa mijini, hivyo ukuta peke yake hautoshi. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015.

Msingi wa kisheria wa kitaifa ulipatikana kwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016. Kaunti nazo zikatunga sheria zao: Wajir ilijifunga kutenga asilimia 2 ya bajeti yake ya maendeleo, Makueni asilimia 1. Oktoba 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa ajili ya mpango wa taifa zima ujulikanao kwa kifupi kama FLLoCA, ambao pia unachangiwa na Ujerumani, Sweden, Denmark na serikali ya Kenya yenyewe. Kaunti hupata kwanza ruzuku ya kuunda sheria, mfuko na kamati. Zikipita tathmini, hupata ruzuku kubwa zaidi ya miradi, kwa sharti kwamba nazo zitenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti yao ya maendeleo.

Neno ruzuku hapa linahitaji tahadhari. Kwa kaunti ni ruzuku kweli, lakini fedha za Benki ya Dunia zimetolewa kwa Kenya kama mkopo wa masharti nafuu, na Hazina ya Taifa italazimika kuulipa. Kenya huchangia sehemu ndogo sana ya gesi joto zinazotolewa duniani. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha, uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini humo. Mfugaji aliyepoteza kundi lake hulipa kwa kodi, kila anunuapo sukari, sehemu ya gharama ya lambo litakalomwokoa katika ukame ujao.

Kizingiti cha pili kiko Nairobi. Ruzuku zenye masharti haziwezi kufika kwenye kaunti mpaka Bunge lipitishe sheria ya migao ya ziada. Muswada wa mwaka wa fedha wa 2024/2025 ulikwama kwa miezi mingi, huku wabunge na magavana wakivutana kuhusu jambo jingine kabisa, yaani nani asimamie tozo ya matengenezo ya barabara. Fedha za tabianchi zilikuwa katika muswada huohuo, zikasubiri. Lambo halichimbwi mvua ikinyesha: fedha zikichelewa kuupita mwezi Machi, msimu mzima wa maji hupotea.

Sambamba na mpango huu, serikali ilizindua Desemba 2022 kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi kutoka takriban asilimia 12. Ni lengo kubwa, na lina hatari ya kurudia kosa la visima, kwa kuwa miche iliyopandwa ni rahisi kuhesabu kuliko miti iliyosalia hai baada ya kiangazi cha tatu. Katika nyanda kavu, kuipumzisha ardhi dhidi ya malisho mara nyingi hurudisha nyasi na vichaka kwa gharama ndogo kuliko kitalu. Kazi hiyo haina sherehe ya uzinduzi, ila inahitaji baraza lenye mamlaka ya kumwambia mwenye ng'ombe asubiri.

Matokeo yake hayaishii mpakani. Malisho yanapoisha Turkana, wafugaji huvuka na mifugo yao hadi Karamoja nchini Uganda, na mwezi Septemba 2019 serikali hizo mbili zilitia saini mjini Moroto makubaliano ya amani na maendeleo ya eneo hilo. Kila lambo linalohifadhi maji upande wa Kenya hupunguza msongamano katika visima vya Karamoja.

Mkopo huu nao una mwisho wake. Baada ya hapo, kitakachobaki ni asilimia iliyoandikwa katika sheria za kaunti, nayo hutegemea mabunge ya kaunti kuitenga kila Juni, katika bajeti ambayo mishahara hutangulia kuchukua fungu lake.