Kuandika Kiswahili kwa Programu Mpya ya Ofisi: Mambo Tuliyojifunza

Tulipohamia LibreOffice hapa idarani, wengi wetu tulinung'unika. Tulikuwa tumeizoea programu nyingine kwa miaka mingi, vidole vikijua njia bila msaada wa macho, na ghafla hata kuweka namba za kurasa kukawa kazi ya asubuhi nzima. Hayo yalipita baada ya wiki chache. Kilichotusumbua zaidi, na ambacho bado kinawagharimu wanafunzi alama, ni lugha ambayo programu inadhani tunaiandika.

Kompyuta nyingi tunazotumia hapa Burundi zimewekwa kwa Kifaransa. Usipoiambia programu kwamba unaandika Kiswahili, yenyewe itaona Kifaransa kibovu. Ndiyo maana ukurasa hujaa mistari myekundu chini ya maneno sahihi kabisa, na nafasi hujipenyeza kabla ya alama ya kuuliza, ya mshangao na nukta mbili, kama desturi ya Kifaransa inavyotaka. Kwa muda mrefu sisi walimu tumezizungushia nafasi hizo kalamu tukidhani ni uzembe. Tunawiwa radhi na wanafunzi wetu, maana nyingi ziliwekwa na mashine.

Tazama ukanda ulio chini kabisa ya dirisha. Hapo pameandikwa jina la lugha. Libofye, kisha uchague Kiswahili cha Tanzania. Orodha ina Kiswahili cha Kenya pia, na hapo ndipo baadhi yetu tulipoteleza: tulikichagua, mistari yote myekundu ikatoweka, tukafurahi. Kumbe kamusi ya tahajia tuliyokuwa nayo ni ya Kiswahili cha Tanzania, na kazi zetu zilikuwa hazikaguliwi hata kidogo! Njia rahisi ya kupima ni kuandika neno lisilokuwepo, kwa mfano "kitxabu". Lisipopigiwa mstari, mkaguzi amelala.

Wanafunzi kadhaa waliuliza kama inafaa kubadili menyu nazo ziwe za Kiswahili. Inawezekana, na jitihada hizo si za jana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, nayo ina menyu za Kiswahili. Lakini lugha ya menyu na lugha ya matini ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na menyu za Kiswahili huku insha yake ikikaguliwa kwa Kifaransa.

Tuseme basi umeichagua lugha sawasawa. Mkaguzi wa tahajia hutazama neno mojamoja na kulilinganisha na maneno anayoyajua. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na minyambuliko pamoja, kwa hiyo neno kama "wasingalituandikishia" laweza kupigiwa mstari ingawa halina kosa. Kinyume chake ndicho cha hatari. Andika "kitabu yangu", na hakuna kitakachotokea, kwa kuwa "kitabu" ni neno na "yangu" ni neno. Upatanisho wa kisarufi haumo katika kazi yake.

Kwetu sisi tuliolelewa katika Kirundi kuna mtego mwingine, wa sauti /l/ na /r/. Ukiandika "kusubili" huenda ukaonywa. Lakini mwanafunzi akiandika "mahari pa kazi" akikusudia mahali, au "kura chakula" akikusudia kula, mkaguzi atanyamaza. Mahari ni neno na kura ni neno. Makosa haya tunayakuta hata katika tasnifu ambazo mwandishi anaapa kwamba "kompyuta imezisahihisha".

Mwanafunzi wetu mmoja, baada ya kuonywa, aliamua kujisahihisha kwa mkupuo. Alifungua sehemu ya kutafuta na kubadilisha, akaagiza "kura" iwe "kula" kila mahali, akabonyeza kitufe cha kubadilisha zote. Tulipoipokea kazi yake, "kurasa" zote zilikuwa "kulasa", na sura iliyojadili uchaguzi ilikuwa inahesabu kula. Tulicheka pamoja naye, lakini ilimchukua siku mbili kuirekebisha.

Tangu hapo tunafundisha hivi. Kila mwanafunzi hutengeneza orodha ya maneno yanayomponyoka, kutokana na insha alizorudishiwa. Kabla ya kukabidhi kazi, hutafuta neno moja baada ya jingine, akiwa ameweka alama kwenye kisanduku cha maneno kamili, na kusoma sentensi nzima kila linapojitokeza ndipo aamue. Kitufe cha kubadilisha zote hakiguswi. Orodha ya insha ya kurasa kumi humalizika ndani ya nusu saa hivi, na walio tayari kuijaribu walete zao katika kipindi cha mazoezi ili tuzilinganishe.